Nilivyokwenda Kumwandikia Zuwena Kombe

Tangu nirudi mlango wangu haufungwi. Huyu anaingia kuuliza, yule anaingia kuuliza, na kila anayetoka anakwenda kusimulia lake. Juzi nimeisikia safari yangu mwenyewe huko Mgogoni imeshatiwa simba. Hakukuwa na simba. Basi nimeketi na daftari, naandika mara moja. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe, kisha mniache nianike mpunga wangu. Skuli nilikaa miaka miwili tu, khati yangu nimeipata chuoni kwa baba. Anayetaka kunisahihisha na aje na safari yake.

Kazi yangu mnaijua. Naandika kombe, kama baba alivyoandika. Sahani nyeupe, kalamu ya tete, wino wa zafarani. Aya zikikauka naziosha kwa marashi ya mawaridi, mgonjwa anakunywa. Na zafarani mnajua ninavyoitazama, maana madukani wanauza nyuzi zilizotiwa rangi. Mimi kwanza naitia majini. Ikimwaga wekundu papo hapo, ni ya uongo, namrudishia mwenyewe. Ya kweli haina haraka, inatoa unjano kidogo kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya baba na ndiyo yangu, na ndiyo iliyotaka kuniulia ndugu.

Ndugu mwenyewe ni Zuwena, mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Aliondoka Pemba na mumewe siku zile watu walipokuwa wakiondoka bila ya kuaga. Sasa ni mjane, anakaa Omani, juu ya mlima wa Jebel Akhdhar, na mwanawe Salim. Huko kuna baridi, na Zuwena analima zafarani. Kila mwaka alikuwa ananiletea kopo dogo kwa mkono wa anayekuja, na sahani zote mlizokunywa nyie nimeziandikia kopo hilo.

Miaka hii ya vyama vingi nayo mnaijua. Nilimwandikia mtu wa chama hiki, wa chama kile wakasema naroga. Nikamwandikia wa chama kile, wa hiki wakaacha kunisalimu. Tulifika mahali mtu anauliza kwanza kisima ni cha nani ndipo atie ndoo. Wala mimi sikuwa bora kuliko wao. Nilikuwa nishazoea kumtazama mtu mikono kabla ya kumtazama uso.

Ndipo Salim akapiga simu dukani Micheweni, wakaja kuniita. Mama yake hasimami. Nyonga na magoti yamekataa, dawa za hospitali anakunywa lakini anaswali kitandani. Akasema, "Mama mkubwa, anataka kombe. Nikamwambia tutamtafuta mtu hapahapa akuandikie. Hataki. Anasema la mkono wa dada au basi."

Mambo ya karatasi na tikiti aliyafanya Salim, siyasimulii, yalinichosha hata kuyasikia.

Wingwi mpaka Mkoani

Nilipanda gari ya mizigo iliyokuwa ikipeleka ndizi bandarini. Dereva alisimama kila penye mtu anayemjua, na alimjua kila mtu. Nilikaa mbele na mkoba mapajani. Ndani nilitia sahani yangu nyeupe nimeifunga kwa kanga mbili, kalamu, mkate wa mofa na pweza mkavu. Marashi sikuchukua, Zuwena alisema kwao ndiko yanakotengenezwa.

Mkoani meli ilikuwapo, abiria tulikuwapo, lakini haikuondoka. Wakasema anangojewa mkubwa fulani. Tukakaa juu ya mizigo tangu asubuhi mpaka alasiri. Pembeni yangu alikaa mama mnene, mchangamfu, na sahani ya muhogo wa kukaanga.

"Karibu, bibi."

"Nimeshiba."

"Hujala kitu tangu nimekuona."

"Kumbe umekaa kunitazama?"

Akacheka. "Kwani wanihofu?"

"Sikuhofu. Sikujui."

Akatafuna muhogo wake, kisha akauliza, polepole, "Weye wa upande gani, bibi?"

Nikajua hapo. Swali lile ndilo nililokuwa nalingoja. Nikamwambia, "Upande wa mama yangu." Alicheka mpaka mabaharia wakageuka.

Yule mkubwa hakutokea. Meli ikaondoka bila yeye. Bahari ilichafuka, na mimi na pweza wangu tukaachana mapema. Mama yule yule alinishika kichwa, akanifuta mdomo kwa ncha ya baibui lake. Tulipofika Unguja kitu cha kwanza nilichofanya ni kuhesabu vitu vyangu mkobani. Akaniona.

"Hesabu vizuri, bibi," akasema. "Nimekuibia matapishi."

Nikamwambia ahsante, lakini nilikuwa nishachelewa, alikwisha kujitwika mzigo wake.

Ndegeni

Ndege nayo ilichelewa, ila huko angalau walituweka ndani penye kivuli. Kwenye kiti cha pembeni yangu alikaa mzee wa Kingazija, anakwenda kumwona mwanawe. Tukaletewa chakula kimefunikwa kwa karatasi ya fedha. Kuku.

Nikamuuliza msichana aliyeleta, "Kachinja nani?" Hakujua Kiswahili. Akatabasamu, akaniongezea mkate.

"Bi mkubwa, hii ndege ya Waislamu," akasema yule mzee. "Bismillahi, kula."

"Ulikuwapo akichinjwa?"

"Sikuwapo."

"Basi."

Akaniomba kuku wangu, nikampa. Alikula vyote viwili, na mimi nikamtazama mpaka tunatua, nione kama atadhurika. Hakudhurika. Mimi nilishuka na njaa.

Bondeni, kungoja maji

Salim nilikuwa sijamwona tangu azaliwe. Alipokuja mbele yangu na kanzu nyeupe na kilemba, akasema "Shikamoo, mama mkubwa," sikutoa mkono.

Nikamuuliza, "Mama yako ana kovu wapi?"

"Kisiginoni, mguu wa kushoto."

"Kalipataje?"

Akatazama chini, akacheka kidogo. "Dada yake alimpiga jembe."

Marahaba, nikamwambia. Huyo ni yeye.

Njiani mvua ilikuwa imenyesha mlimani, na maji yalikuwa yakishuka bondeni mekundu, yanakata barabara. Gari zote zikasimama. Tulikaa pale nusu ya siku. Mzee mmoja Mwarabu wa shamba alitandika mkeka kwenye mawe, akatoa birika na tende, akatukaribisha. Salim akanywa. Mimi nikakishika kikombe tu. Mzee akanitazama, akasema neno, Salim akaona haya kunifasiria.

"Kasema nini?"

"Kasema, mama huyu ametoka nchi ambayo serikali imewafunza watu kuogopana."

Mzee akakichukua kikombe changu mkononi mwangu, akanywa nusu, akanirudishia. Nikanywa iliyobaki. Kahawa ilikuwa na iliki na, Wallahi, na zafarani kidogo. Nikaijua kwa harufu, ile ya asali na majani makavu.

Maji yalipopungua tukapita. Chini ya mlima askari wakaikagua gari, maana barabara yake ni mbaya na gari nyonge haipandi. Tukapanda mpaka masikio yakaziba. Nilipofika juu nilikuwa nishashikwa na mafua, na pua haikunifunguka kwa siku nyingi. Hilo nalo nalisema, lina sababu yake.

Kwa Zuwena

Alikuwa kitandani karibu na dirisha, mabega yamefunikwa kwa blangeti la sufi. Miaka thelathini na kitu hatujaonana. Nilimwacha msichana wa kukimbia, nimemkuta bibi kama mimi.

"Dada, umezeeka."

"Na weye umekonda kama kalamu."

"Kaa hapa. Kaa nikushike."

Nikakaa, akanishika mkono, hakuuachia mpaka chai ikapoa. Kisha akanionesha kwa kidevu, nje. Chini ya dirisha mlima umekatwa ngazi ngazi, na kila ngazi ni kijishamba kimejengewa ukuta wa mawe, mfereji wa maji unapita kando. Komamanga, mawaridi, na ngazi tatu za chini kabisa, zafarani.

"Hizo ndizo zinazokuja kwako," akasema. "Kipindi cha joto zimelala, hutii maji hata tone, ukitia zinaoza. Baridi ikianza zinaamka zenyewe. Zimeanza kutoa. Ngoja siku mbili tatu, Gulamu atakuchumia mpya, uniandikie."

"Gulamu nani?"

"Mfanyakazi wetu. Mtu wa Kashmiri. Kwao ndio kazi yao hii."

Akaniambia pia kwamba mwaka huu bustani haikuwa ile ya zamani. Nungunungu walikula chini ya ardhi nusu ya vitunguu vya zafarani, ndivyo mbegu yake, na Salim akanunua gunia jipya kwa mfanyabiashara huko mjini. Mimi nikatia alama kichwani. Vitunguu vya kununua, na mtu wa kuja.

Shimo nyuma ya ukuta

Asubuhi ya pili, nishaswali, jua halijapiga bado, nikasimama dirishani. Gulamu alikuwa bustanini na kapu. Mtu mrefu, ndevu nyeupe upande mmoja, shuka begani. Anapita mstari kwa mstari. Anainama juu ya ua, analifungua kwa vidole, analitazama ndani. Moja analitia kapuni. Linalofuata analing'oa na kitunguu chake, analitia ndani ya shuka. Moja kapuni, moja ndani ya shuka. Na yanayoingia ndani ya shuka ndiyo makubwa.

Alipomaliza alikwenda nyuma ya ukuta, akachimba, akayafukia.

Mtu asiyekuwa na jambo lake afukie maua? Nikasema huyu anawawekea wenzake waje wachukue. Madogo ya Zuwena, makubwa ya kwake.

Nikajitanda kanga nikateremka ngazi zile za mawe moja moja. Udongo wa shimo ulikuwa mwororo, nikafukua kwa mkono. Maua mazuri ya urujuani, mapana, mengine yameshiba kama vikombe vya kahawa. Nikiwa nimechutama nikaona kivuli. Gulamu amesimama juu yangu.

Alisema maneno, sikujua hata moja. Alipoona simwelewi akainua vidole vitatu, akaonesha kapu. Kisha vidole sita, akaonesha shimo. Kisha akapitisha mkono shingoni, hivi, kama kisu.

Nikafahamu vizuri sana. Tatu zenu, sita zangu, na ukisema nakuchinja.

Sikukimbia. Nilisimama nikamtazama mpaka akaondoka yeye. 

Mchana nikamshika Salim pembeni. "Huyu Gulamu mnamwamini?"

Akakwepesha macho. "Kwa nini, mama mkubwa?"

"Anafukia maua."

"Mambo ya bustani niachie mimi. Na tafadhali, mama asiyasikie hayo."

Sasa nambieni nyie, mtu anajibiwa hivyo na kijana wa ndugu yake, anakwepa macho, anataka mama asisikie. Nikaona wamo wote wawili. Zuwena kalala kitandani, wao wanamla. Sikumwambia, maana mgonjwa hahimili, na nilitaka niwe na ushahidi mkononi.

Kesho yake Gulamu alipokwenda kukama mbuzi nikalirudia shimo. Nikachukua maua tele ndani ya kanga, nikayatandaza kwenye kizingiti cha dirisha la chumba changu, nyuma ya pazia. Nikasema, zafarani ile kubwa aliyoibiwa ndugu yangu, ndiyo nitakayomwandikia. Haki yake imrudie kwa kombe.

Yalipokauka nikatoa vya ndani. Hapa ndipo mtanicheka, chekeni. Hazikuwa nyuzi nyekundu. Vilikuwa vijiti vya njano vyenye unga, na vijinyuzi vyeupe vyeupe. Ile ya Gulamu niliyoiona jikoni ilikuwa nyekundu kama damu, na ilikwisha kukaushwa juu ya makaa kwa mkono wake. Mimi maisha yangu yote wekundu umeniibia. Kila aliyenidanganya dukani alinidanganya kwa wekundu. Nikaona hii isiyokuwa na wekundu ndiyo haijachezewa na mtu. Nikaitia majini. Haikumwaga kitu. Baada ya muda maji yakaanza kuwa njano, kidogo kidogo.

Sheria ya baba. Nikaridhika. Harufu sikuisikia, nikasema mafua.

Sahani ya kwanza

Ilikuwa Alhamisi baada ya dhuha. Niliandika kwa utulivu, khati ilitoka vizuri, wino hafifu lakini unaonekana. Marashi yalikuwa jikoni, chupa imeachwa wazi. Jikoni ndiko Gulamu anakoingiza maziwa. Nikaitazama ile chupa. Nikaosha sahani kwa marashi yale, lakini roho haikutulia nayo.

Nikampelekea Zuwena. Akainusa.

"Dada, hii Gulamu kakupa?"

"Imetoka bustanini kwako."

"Haina harufu ya zafarani."

"Huna pua weye, mgonjwa."

"Pua yangu haina maradhi, maradhi yako magotini."

"Swali Adhuhuri kwanza, ndipo unywe," nikamwambia. Nikaiweka kwenye meza karibu ya kitanda chake, nikaifunika. Na kwa kuwa nilishuku chupa, nikachota vijiko vitatu nikanywa mimi. Nikasema kama Gulamu katia kitu kwenye marashi, kitaanza na mimi.

Mpaka nakwenda kutawadha sikuwa na neno. Kwenye rakaa ya tatu koo likaanza kuwaka kama nimemeza pilipili hoho. Nilipotoa salamu tumbo likakatika. Nilitapika kwenye beseni, nikatapika tena, na miguu ikaniishia.

Nikasikia Zuwena kule chumbani, "Dada? Dada, una nini?" Kisha nikasikia kifuniko cha sahani kikigonga meza.

Sikuwa na sauti. Nilitambaa. Mimi huyu, mnayenijua, nilitambaa kwa magoti na viganja kutoka chumba mpaka chumba. Nilimkuta amejiinua kwa kiwiko, sahani ameishika kwa mikono miwili, anasema bismillahi. Anataka apate nguvu aje kunisaidia, ndivyo alivyoniambia baadaye. Nikaipokonya. Zile ni aya, hazimwagwi pa kukanyagwa, hilo halikunitoka hata wakati ule. Nikaimimina ndani ya chungu cha mrehani kilicho dirishani, kisha nikaanguka.

"Gulamu!" nikasema. "Gulamu kaniua!"

Na Gulamu akaja kweli, maana alisikia jina lake. Alipita mlango wa chumba changu, akaona maua kwenye kizingiti, nikasikia akipiga ukelele kama wa mtu aliyefiwa. Akanibeba mgongoni. Gari haifiki nyumbani, inasimama juu ya ngazi za mawe, na Salim alikuwa kule. Ngazi zile Gulamu alizipanda mbio na mimi mgongoni, anahema, na mimi namtapikia shingoni huku namwambia kila tunayepishana naye, "Huyu kaniua, mshikeni." Kwa Kiswahili. Hakuna aliyenifahamu, Alhamdulillahi.

Tatu na sita

Kituo cha afya walinitia maji ya mshipa siku mbili. Daktari akasema kama ningekunywa sahani nzima nisingefika. Nikafikiria mwili wa Zuwena, uliokonda ule. Siku ya kwanza nilifikiria hilo tu.

Siku ya pili Gulamu akaingia na Salim. Amekuja na maua mawili, moja kila mkono, na vitunguu vyake. Salim alikuwa hana uso wa kunitazama.

"Mama mkubwa, kosa langu. Lile gunia niliuziwa limechanganywa na vitunguu vya ua jingine. Gulamu aliniambia tangu yalipochanua, ua hilo kwao wanalijua, ni sumu. Nikamwomba ayang'oe kimya kimya mama asijue nimeuziwa ujinga."

"Na kufukia?"

"Mbuzi wasile. Kwao mbuzi akilila hafiki jioni."

Gulamu akaweka ua la kwanza kitandani, akalifungua petali moja moja. Ndani vijiti vya njano vitatu. Katikati uzi mmoja umepasuka ndimi tatu nyekundu, zinaning'inia nje kama mtu aliyechoka na kiu. Majani yake membamba kama ukindu uliochanwa, na mstari mweupe katikati. Kitunguu chake kidogo, kimevaa nyuzi nyuzi kama kifumbu cha kukamulia nazi. Akainua vidole vitatu.

Akafungua la pili. Kubwa, zuri kuliko lile. Vijiti sita. Ndimi nyekundu hakuna. Jani hata moja hakuna, limetoka ardhini uchi. Kitunguu kikubwa, kimeelemea upande, kimevaa ganda laini la kahawia. Vidole sita. Akapitisha mkono shingoni.

Nikageukia ukuta. Sikumwomba radhi siku ile. Naandika ukweli.

Mstari kwa mstari

Niliporudi nyumbani nilikuwa kila alfajiri nateremka bustanini kabla yake. Ua likiwa bado limefumba ndipo kazi ngumu, huwezi kuhesabu mpaka ulifungue. Lakini jani unaliona. Penye ua bila ya jani nasimama, namwita. Yeye akipita mstari mara moja, mimi napita mara tatu. Nilimwonesha manane yaliyompita, mawili yamejificha katikati ya zafarani ya kweli kama yamezaliwa pamoja.

Gulamu akamwambia Salim neno, wakacheka.

"Kasema nini?"

"Kasema, macho haya yangekuwapo tangu mwanzo, yeye angelala."

Siku ya nne, tumechutama kwenye mstari wa mwisho, nikamwambia kwa Kiswahili, maana kumsingizia nilimsingizia kwa Kiswahili, "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikushuku mwizi." Akanitazama. Akainua vidole vitatu. Nikaona basi, imepita.

Mkate wake wa mahindi na majani ya haradali niliula siku ile bila ya kuuliza kapika nani.

Sahani ya pili

Zuwena aliita Ijumaa asubuhi. "Dada, lete kalamu."

"Siandiki."

"Umekuja kufanya nini?"

"Mkono wangu siuamini tena, Zuwena. Tafuta mtu mwingine."

"Miye sikukutoa Wingwi uje unizuilie mkono. Andika."

Nikaandika. Zafarani niliichuma mwenyewe, kila ua nilihesabu, nikatoa ndimi nyekundu mwenyewe, nikazikausha mbele yake kwenye jua pale dirishani. Harufu ilijaa chumba, hata mimi na pua yangu niliipata. Marashi alinimiminia yeye kutoka chupa ya mkononi mwake. Khati haikuwa nzuri. Mistari ilipanda ikashuka, na baba angeniambia nifute.

Nilipomaliza kuosha nikachukua kijiko.

"Weka hicho," akasema.

"Nionje tu. Vijiko vitatu. Ungoje mpaka Adhuhuri."

"Weka kijiko, dada. Tangu tuko watoto huli kabla hujatazama nimekula nini. Ulinipiga jembe kwa sababu ulidhani nimekuibia mbegu, na sikukuibia. Nimekaa huku miaka yote hii sijui kama mtu wangu ananiamini. Leo hulionji."

Akanyoosha mikono. Nikasimama na sahani. Nyie mnadhani kumpa mtu kitu mkononi ni jambo dogo. Ilinichukua muda mrefu kuliko kupanda ule mlima.

Nikampa. Akasema bismillahi, akainywa yote, mpaka akaulamba ukingo, na muda wote ule hakuitazama sahani, alinitazama mimi. Kisha akanipa sahani tupu, akajifuta mdomo, akalala ubavu akasinzia. Nami nikakaa pale pembeni ya kitanda namwangalia kifua kikipanda na kushuka. Ikaadhiniwa Adhuhuri, ikaadhiniwa Alasiri. Akafumbua macho.

"Ungali hapo?"

"Nipo."

"Sijafa."

"Naona."

Mnaniuliza amepona? Hajapona. Nimemwacha anaswali ameketi, ila ameketi kwenye mswala chini, si kitandani. Safari ya kurudi haikuwa na la kusimulia, nilikula kila nilichopewa na nilifika mzima. Kopo la zafarani nimekuja nalo, liko kabatini. Anayetaka kuandikiwa aje, awe wa chama hiki au kile, na akitaka nionje kwanza mbele yake, nitaonja.